Siku Pasta Alipohubiri Kichwa Chini

Kuna picha inazunguka kwenye simu za watu wetu hapa Sydney, na najua baadhi yenu mnayo, msijifanye hamnayo, ile ya mchungaji aliyevaa suti na tai, Biblia mkononi, amening'inia kichwa chini kama popo, na nyuma yake pazia la dirisha linapanda juu badala ya kushuka. Watu wakishaicheka huuliza ni nani aliyemfanyia mzee wa watu vile. Basi leo nasema kwa mdomo wangu, maana nimechoka kukaa kwenye shughuli za watu nikicheka pamoja nao huku jasho linanitoka kwapani: ni mimi, Wafula, mkazi wa Rooty Hill, fundi wa kompyuta wa kujitangaza, na nikiiona ile picha mpaka leo natamani ardhi ipasuke niingie.

Mzee mwenyewe anaitwa Papa Furaha, Mkongomani wa Bukavu, mchungaji wa kanisa dogo kule Cabramatta, na zamani kwao alikuwa mwalimu wa hesabu, kwa hiyo ana ile sauti ya kukufanya utoe mikono mfukoni hata kama mnaongea kwa simu. Furaha ni kifungua mimba wake, na huyo Furaha ndiye niliyekuwa nataka kumuoa. Nilikuwa nimekwenda kwao kabla ya lockdown, nikakalia ukingo wa kiti, nikasema lililonipeleka, na mzee akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nimesikia. Nitafikiri." Basi. Hakusema ndiyo wala hapana. Na siku moja Mama Furaha aliponisalimu kwa utani, "Mukwe, habari?", mzee akamkata palepale: "Mukwe ni siku wazee watakaa. Kwa sasa huyu ni Bwana Wafula." Wueh! Miezi ikapita nikiwa Bwana Wafula, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Kisha Sydney ikafungwa, na sisi wa upande wa magharibi tukafungwa kuliko wenzetu wa kule ufukweni (wao wanaota jua, sisi helikopta ya polisi inatuzunguka juu ya nyumba tukianika nguo), na ibada ya Papa Furaha ikahamia mtandaoni. Waumini wakamnunulia laptop mpya kabisa, nyembamba, ya kioo cha kugusa, ile ambayo skrini inapinda mpaka inarudi nyuma na unaweza kuisimamisha kama hema. Mzee akaipenda ile mashine, akawa anaifunika kitambaa. Ila ilikuwa na kero moja: kulikuwa na kidirisha cha antivirus kinachoruka kila mara kumwambia anunue, anunue, na Jumapili moja kikaruka katikati ya maombi ya wagonjwa kikamziba askofu wao wa Melbourne usoni.

Furaha anafanya kazi aged care, nyumba ya wazee huku karibu na kwangu, kwa hiyo alikuwa na kibali cha kuvuka mitaa wakati sisi wengine hatuwezi kwenda popote. Jumamosi asubuhi akiwa njiani kwenda shift akasimama kwenye kibaraza changu, barakoa usoni, akaweka chini mfuko wenye laptop na mkebe wa sombe, kisamvu cha Kikongo, kutoka kwa mama yake, akarudi nyuma hatua kadhaa kama sheria inavyotaka.

"Ni kile kidirisha tu," akaniambia. "Kitoe. Usifanye kitu kingine. Nikitoka kazini naichukua, kesho ana ibada, na askofu anaingia."

"Furaha, kwani mimi ni mtoto?"

"Wewe nakujua. Wafula, Papa mwenyewe ndiye amesema nikuletee wewe. Unaelewa maana yake?"

Nilielewa, na hilo ndilo lililoniponza. Kutoa kidirisha ni kazi ya kubofya mara mbili unywe chai, na mimi nikajiambia, hivi mzee wa watu amenifungulia mlango halafu nimfanyie kazi ya kubofya? Hapana. Nikaamua nimfutie Windows yote nimwekee Linux.

Kwa wasiojua, Linux inaendesha kompyuta kama Windows inavyoendesha, ila ni ya bure na haikusumbui na matangazo, na sisi watu wake tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuona kompyuta ya mtu bila kutaka kumwokoa. Ndani kabisa ya Linux kuna kitu kinaitwa kernel, na kazi yake ni kuvijua viungo vyote vya mashine, hii ndiyo Wi-Fi, hii ndiyo spika, hiki ndicho kidude cha kusogezea mshale. Kernel huja kwa namba, na mimi nilikuwa muumini mkubwa wa 5.4. Nilikuwa nayo kwenye flashi, ilikuwa haijawahi kuniangusha kwenye laptop yangu kuukuu, na kila mtu akinitajia kernel mpya nilikuwa namjibu kwa dharau kwamba hizo ni za watoto wanaopenda kujaribu vitu, mimi ni mtu wa kitu kilichotulia. Ambacho sikukifikiria (na hapa ndipo mniite mjinga, nimekubali) ni kwamba ile laptop ilitoka kiwandani baada ya hiyo kernel kutungwa. Sasa itavijuaje viungo vya mashine ambayo wakati kernel inatungwa ilikuwa haijazaliwa?

Nikafuta. Nikafuta Windows, na kwa madaha nikafuta hata ile sehemu ya akiba ya kuirudishia, nikapiga mluzi, nikaweka Linux yangu na 5.4 yake, nikawasha. Wi-Fi hakuna. Sauti hakuna. Mshale haujongei, unagusa kile kidude kama unamkuna maiti. Jamani, laptop mpya ya mchungaji, zawadi ya kanisa zima, ilikuwa imekuwa sinia. Nikakaa pembeni yake, nikafungua mkebe wa sombe nikala ya baridi, kwa vidole, nikiitazama.

Na katikati ya sombe simu ikalia, Papa Furaha.

"Bwana Wafula. Machine iko namna gani?"

"Inaendelea vizuri Papa, naibadilishia tu kernel," nikasema, kwa sababu mtu mwenye hofu huongea zaidi ya alichoulizwa. "Ilikuwa 5.4, sasa naipandisha 5.13."

Nikasikia kabisa mwalimu wa hesabu anaamka.

"Tano virgule ine," akasema polepole, na virgule kwao ndiyo nukta, "ni kubwa kuliko tano virgule kumi na tatu. Uko unaipandisha ao uko unaishusha?"

Nikamweleza kwamba hizo si desimali, kwamba baada ya nne inakuja tano na sita mpaka kumi na tatu, naye akasema "Hmm," ile hmm ya mtu anayeandika maksi pembeni ya daftari, akakata simu.

Lakini nilikuwa nimeshasema jibu lenyewe: kernel mpya. Meza yangu ilikuwa imejaa skrini za kazini, si mnakumbuka sote tulikuwa tunafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo nikaifungua ile laptop yote ikalala chali juu ya ubao wa kupigia pasi, mimi nimesimama juu yake kama daktari wa upasuaji, nikachomeka simu yangu kwa kebo ili ipate intaneti, nikashusha 5.13, nikawasha upya. Aisee! Wi-Fi hiyo, sauti hiyo, mshale unateleza, kamera ikanionyesha matundu ya pua yangu na dari ya nyumba. Nilicheza pale sebuleni peke yangu, nikabusu ubao wa pasi. Nikaifunga laptop, nikaifuta vumbi, nikaifunika na kitambaa cha mzee, na Furaha alipopita jioni nikamkabidhi kama mtu anayekabidhi kombe.

"Kidirisha kimetoka?"

"Kimetoka." (Kimetoka na nyumba yake yote na kiwanja, lakini hilo sikulisema.)

Sasa sikilizeni vizuri kosa lilipojificha. Ndani ya zile laptop za kupinda kuna kidude kidogo kinachohisi zimesimamaje, ili ukizigeuza picha nayo igeuke ikufuate. 5.4 ilikuwa haijui kama kidude hicho kipo. 5.13 ilikijua, ila kwa mashine ile ilikisoma kinyume, juu ikaiita chini na chini ikaiita juu. Na mimi niliijaribu ikiwa imelala chali, ambapo hakuna juu wala chini, kwa hiyo sikuona lolote.

Jumapili nikaingia ibadani kwa simu, nimevaa shati la kola na kaptura, maiki nimeizima, nimejituliza kusubiri sifa zangu. Papa Furaha akatokea, safi, sauti inasikika mpaka unasikia kuku wa jirani, nikajipongeza. Ila mzee alikuwa amekunja shingo upande mmoja kama mtu anayesoma maandishi chini ya kiti. Kwake kila kitu kilikuwa kimepinduka. Akaguna, akanyoosha mikono, picha ikazunguka tukaona dari, tukaona viatu, na ilipotulia mzee wa watu alikuwa ananing'inia. Alikuwa ameipindua laptop, ameisimamisha kama hema, kichwa chini.

"Pasta," Mama Neema wa kwaya akasema, "uko kichwa chini."

"Hapana," Papa Furaha akajibu, ametulia kabisa. "Mimi niko muzuri, najiona. Ni nyinyi muko kichwa chini. Wote."

Na hakuwa anasema uongo! Hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho, kwa sababu nilielewa. Yeye kamera yake imepinduka na skrini yake imepinduka, makosa mawili yamefutana, kwa hiyo uso wake mwenyewe anauona sawasawa, ila sisi wengine wote anatuona tumening'inia. Sisi nasi tunamwona yeye ndiye ananing'inia. Kanisa zima likaanza kubishana na mchungaji nani yuko juu nani yuko chini, na mchungaji mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtamshinda wapi?

Mama Neema, mtu wa heshima, akaona isiwe taabu, akaichukua laptop yake akaipindua.

"Voilà!" Papa Furaha akapiga makofi. "Mama Neema sasa iko muzuri! Mumuone! Wote mufanye sawa Mama Neema!"

Jamani, wakafanya! Mmoja baada ya mwingine, laptop zikapinduliwa, nyingine zikaegemezwa kwenye chupa za mafuta ya kupikia, na kwenye simu yangu nikaona kanisa zima linageuka kichwa chini, kina mama na vilemba vyao, wazee na tai zimeelekea juu, mtoto mmoja anakula mkate chini chini. Na kwa kuwa wote wamepindua, wote sasa wakawa wanaonana vizuri, na Pasta wanamwona vizuri, kila mtu akafurahi, pambio likaanza. Ni mimi peke yangu Rooty Hill niliyekuwa nawaona wote wamening'inia.

Mimi na askofu wa Melbourne, aliyeingia muda uleule. Alitokea kwenye skrini akitabasamu, mkono umeshanyanyuliwa wa salamu, na ule mkono ukabaki hewani.

"Bwana asifiwe," akasema. Akasogea karibu na kamera. "Pasta... huko Sydney kuna nini?"

Pambio likakatika. Papa Furaha akaanza kueleza, akamwambia askofu na yeye apindue yake, askofu akasema hawezi kupindua, yake ni kompyuta ya mezani, na nikaona (kichwa chini, lakini nikaona) uso wa mzee unabadilika. Yule mtu aliyekuwa na majibu ya kila kitu alishika kingo za Biblia akaanza kupekua kurasa bila kusoma, mbele ya watu wake na mkubwa wake. Moyo uliniuma kwelikweli. Mtu yule hakuomba Linux.

Na waumini hawakujua fundi ni mimi, na mzee mwenyewe alikuwa bado hajaishuku kazi yangu. Hilo nawaambia mjue nilivyokuwa na shetani begani: Furaha alikuwa kazini, simu ya mzee huzimwa saa ya ibada, ningeweza kutoka kwenye ule mkutano kimya kimya, nikapiga baadaye nikasema labda umeme. Nikisema sasa, mbele ya wote, basi ile "nitafikiri" imekwisha kufikiriwa. Nikawa natafuta kwenye kompyuta ya kazini, nikakuta mtu mwenye laptop kama ile ameeleza dawa yake, na dawa ilikuwa vitufe viwili. Nikajivuta shati. Nikawasha maiki.

"Samahani Papa. Samahani Baba Askofu. Ni mimi, Wafula. Ile laptop niliitengeneza mimi."

Uso wa mzee ukanyanyuka, yaani ukashuka, mnanielewa.

"Bwana Wafula. Umefanya nini?"

"Papa, iache hivyohivyo ilivyo, usiigeuze kwanza. Mama aende nyuma, penye vitufe. Abonyeze kile chenye alama ya Windows, asikiachie, abonyeze na herufi O."

Mzee akaifunga Biblia.

"Jana Furaha aliniambia umetoa kidirisha," mzee akasema. "Sasa Windows inaingia wapi?"

"Papa, Windows nimeitoa yote. Lakini kitufe chake kimebaki."

"UMETOA WINDOWS YOTE?"

Nikamsikia Mama Furaha kwa nyuma, "Wewe tulia nibonyeze," na kilemba chake kikapita mbele ya kamera. Akabonyeza. Nikasema sasa Papa, irudishe kama kawaida. Picha ikazunguka, dari, viatu, na mzee akakaa sawa, kichwa juu, tai chini, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatutazama pasipo kukunja shingo. Ila sasa waumini wake ndio walikuwa wamening'inia kwelikweli, na Mama Neema akauliza kwa upole, "Pasta, na sisi turudi?"

Askofu akacheka. Mtu mzima yule alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akauliza, "Na huyu kijana anayewaongoza, huyu ni nani?"

Papa Furaha alikuwa na hasira ambayo tangu asubuhi haikuwa na pa kwenda, na hapo ikapata mlango.

"Huyu?" akafoka, kidole kimeelekea kamera, yaani kimenielekea mimi. "Huyu ni mukwe yangu! Mukwe yangu, Baba Askofu! Ninamupa machine atoe kidirisha kimoja, mukwe anatoa nyumba muzima!"

Halafu akasikia alichosema. Sote tulisikia. Kidole kikabaki hewani, na kanisa zima, wengine wima wengine kichwa chini, likasogea karibu na kamera.

Mama Furaha ndiye aliyeanza. Vigelegele vile vilipasua spika ya simu yangu, na nyuma yake kina mama wote wakawasha maiki, kelele ikawa moja hadi mkutano ukakwama, na kwenye kijiboksi kidogo pembeni nikamwona Furaha, aliyekuwa ameingia kutoka chumba cha chai kule kazini kwake, ameshika mdomo kwa mikono miwili na barakoa inaning'inia sikio moja.

"Nilisema kwa hasira," mzee akajaribu.

"Ulisema mbele ya askofu," Mama Furaha akamjibu, na hiyo ikawa imeisha.

Sikulala kwa furaha, sikulala kwa aibu, na ile picha ilikuwa imeshapigwa na mtu nisiyemjua ikaanza safari yake. Mji ulipofunguliwa wazee wakakaa Cabramatta, mjomba wangu akaja na ujumbe wetu, mambo yakaenda kwa heshima, mbuzi wakazungumzwa, vitenge vikazungumzwa, na mwisho Papa Furaha akainua kidole akasema limebaki moja: laptop moja mpya, kwenye katoni yake, gundi haijafunguliwa, na Windows yake ndani, na isiguswe na mukwe. Mjomba akanigeukia, "Wafula, laptop ya nini tena?" Nyumba nzima ikaanguka kicheko, mimi nikatazama zulia.

Nililipa. Na ile katoni mpaka leo iko juu ya kabati ya mzee, gundi haijafunguliwa, huwaonyesha wageni. Anayohubiria ni ileile niliyoitengeneza mimi, anasema haimrukii na matangazo. Mimi nimeapa, mtu akiniletea laptop yenye kidirisha nitatoa kidirisha, na kama ni mpya sitaigusa kabla ya kuuliza kernel yangu imezaliwa lini, na baada ya hapo nitaisimamisha, nitailaza, nitaipindua, ndipo niseme imepona.

Lakini kila Jumapili, kabla ya ibada, ujumbe wake huingia kwenye simu yangu, mfupi, hata awe ameninunia kwa jambo lingine: "Mukwe, leo niko juu ao chini?" Nami hufungua mkutano, namtazama alivyokaa na tai yake, ndipo namjibu, "Uko juu, Papa."